Je, mimba huamsha saratani ya ngozi?

Mama yeyote aliyewahi kubeba mimba anaujua ule mstari. Hujitokeza mimba ikiwa na miezi kadhaa, ukashuka kutoka kitovuni hadi kinenani kama uzi mweusi. Duara la chuchu nalo huzidi weusi. Wengine hupata madoa usoni, juu ya mashavu na kipaji cha uso, hata majirani wakaanza kunong'ona kwamba fulani amebadilisha mafuta ya kujipaka. Wazee huutazama mstari huo wakakisia iwapo atazaliwa mvulana au msichana. Baada ya kujifungua mambo haya hufifia polepole, na mama akaendelea na ulezi wake.

Lakini usiupuuze mstari huo, msomaji. Unatuonyesha kwamba ngozi husikia. Chembe hai zinazotengeneza rangi ya ngozi, au seli za rangi kama tutakavyoziita hapa, zimepata habari kutoka sehemu nyingine za mwili na zikatii. Hakuna jua lililowaka juu ya tumbo hilo lililofunikwa kwa nguo na leso. Kilichofika pale ni homoni, zikiwa zimesafiri ndani ya damu.

Sasa jiulize swali ambalo madaktari wamekuwa wakijiuliza kwa zaidi ya miaka 70. Seli hizo hizo za rangi ndizo huweza kuharibika zikawa melanoma, ile saratani ya ngozi inayojulikana kwa kuenea upesi hadi kwenye mapafu, maini na ubongo. Ikiwa homoni za mimba zinaweza kuziamuru seli hizi zitengeneze rangi zaidi, je, haziwezi pia kuiamsha saratani iliyolala, au kuikuza ile iliyokwisha kuanza?

Swali hili lina uzito katika nyumba nyingi. Kuna mama anayeona doa jipya mguuni akaambiwa, "Ni mimba tu hiyo, itapita." Kuna aliyewahi kutibiwa melanoma na sasa anaogopa kupata mtoto mwingine. Na kuna anayemeza vidonge vya kupanga uzazi akiwa na wasiwasi kwamba anajilisha ugonjwa. Majibu ambayo wanasayansi wameyapata katika miaka ya karibuni si yale ambayo wengi walitarajia.

REDIO BILA STESHENI

Kwanza tuelewane kuhusu jambo moja. Homoni ni mjumbe. Hutolewa na tezi fulani, ikaingia katika damu na kuzunguka mwili mzima, kuanzia utosini hadi kwenye kidole cha mguu. Ikiwa inafika kila mahali, mbona haibadilishi kila kitu? Mbona homoni ya kike, estrojeni, hukuza matiti wala haikuzi masikio?

Fikiria matangazo ya redio. Mawimbi ya KBC hupita juu ya kila paa kijijini, juu ya nyumba ya mzee mwenye redio na juu ya banda la mbuzi. Taarifa ya habari husikika tu pale palipo na redio, tena redio iliyofunguliwa kwenye steshenи ile. Vivyo hivyo, homoni hufanya kazi tu katika seli iliyo na chombo cha kuipokea. Chombo hicho ni protini yenye umbo linaloshikana na homoni yake kama kufuli na ufunguo. Wataalamu hukiita kipokezi. Seli isiyo na kipokezi cha estrojeni haina habari na estrojeni, hata ikioga ndani yake.

Mtu aliyefungua njia katika jambo hili ni mwanasayansi wa Marekani, Elwood Jensen, wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliitia estrojeni alama ya mnururisho ili aweze kuifuata ndani ya mwili wa mnyama, akaona kwamba ilikusanyika na kukaa katika viungo vichache tu, kama vile mji wa mimba. Kulikuwa na kitu kilichokuwa kikiishika huko.

Faida ya ugunduzi huo huenda imefika hata katika ukoo wako. Ikiwa una dada au shangazi aliyetibiwa saratani ya matiti, yamkini uliona karatasi ya maabara yenye herufi ER na PR. Herufi hizo zinahusu vipokezi vya estrojeni na projesteroni. Vipokezi vikionekana, maana yake ni kwamba uvimbe ule unalishwa na homoni, na mgonjwa hupewa dawa kama tamoksifeni, ambayo hukaa ndani ya kufuli na kuuzuia ufunguo usiingie. Visipoonekana, dawa hiyo haina kazi na daktari hutafuta njia nyingine.

Ilikuwa rahisi basi kudhani kwamba melanoma nayo ni vivyo hivyo.

HOFU YA MIAKA YA 1950

Mwaka wa 1951 madaktari wawili wa New York, Pack na Scharnagel, waliandika kuhusu wagonjwa wachache wa melanoma waliokuwa wajawazito. Hali za wagonjwa hao zilikuwa mbaya, na kadhaa kati yao walifariki upesi. Habari hizo zilienea. Kwa miaka mingi baadaye kulikuwa na madaktari waliowashauri wanawake waliowahi kuugua melanoma wasishike mimba tena. Ushauri mzito huo, na ulijengwa juu ya wagonjwa wa kuhesabu kwa vidole.

Kisha ikaja zamu ya tamoksifeni. Kwa kuwa ilikuwa imewasaidia wagonjwa wa matiti, mbona isijaribiwe kwa melanoma? Mwaka wa 1992 madaktari wa Italia walitangaza kwamba wagonjwa waliochanganyiwa tamoksifeni na dawa ya kawaida ya wakati huo walipata nafuu zaidi, hasa wanawake. Watu walifurahi. Lakini furaha haikudumu, kwani majaribio makubwa zaidi yaliyofanywa kabla ya mwisho wa miaka ya 1990 hayakuona faida yoyote ya maana. Tamoksifeni ikarudishwa kabatini.

Kwa nini ilishindwa? Sehemu ya jibu ilikuwa imeanza kupatikana Sweden. Mwaka wa 1996 watafiti wa huko walitangaza kwamba estrojeni ina kipokezi cha pili, ambacho hakuna aliyekijua hapo awali. Kile cha zamani kikaitwa alfa na hiki kipya beta. Alfa ndicho kinachosukuma saratani nyingi za matiti. Uvimbe wa melanoma ulipochunguzwa tena, ilionekana kwamba alfa ni haba na kilichomo zaidi ni beta. La kushangaza zaidi ni kwamba beta hupungua kadiri uvimbe unavyozidi kuwa mnene. Ikiwa kipokezi hiki ndicho kinachoulisha ugonjwa, ingetarajiwa kiongezeke ugonjwa unapokomaa. Kinapotoweka namna hiyo, mtu huanza kushuku kwamba kilikuwa breki.

Hesabu za wagonjwa nazo zilianza kusema mengine. Mwaka wa 2004 rekodi za Sweden zilitumiwa kuwalinganisha wanawake 185 waliogunduliwa kuwa na melanoma wakiwa wajawazito na wengine zaidi ya 5,000 wa umri wa kuzaa ambao hawakuwa na mimba. Wajawazito hawakufariki kwa wingi kuliko wenzao. Kuna tafiti za baadaye ambazo hazikukubaliana kabisa na hiyo, hasa zilizowahesabu pamoja nao wanawake waliogunduliwa baada ya kujifungua. Mjadala haujafungwa. Lakini ile picha ya 1951, ya mimba kama petroli juu ya moto, haikubaliki tena.

PANYA WA PENNSYLVANIA

Jambo lililogeuza mawazo ya wengi lilitoka katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, katika maabara ya daktari wa ngozi Todd Ridky. Yeye na wenzake walianza na swali letu la mwanzo: kwa nini ngozi ya mjamzito hubadilika rangi? Mwaka wa 2016 walieleza kwamba estrojeni huzifanya seli za rangi zitengeneze rangi zaidi, na projesteroni huzifanya zipunguze. Lakini vipokezi vya kawaida vya homoni hizo hawakuviona katika seli walizozichunguza. Seli zilikuwa zikisikia kwa sikio jingine, kipokezi kinachoitwa GPER, ambacho ni cha ukoo tofauti kabisa na alfa na beta.

Miaka miwili baadaye walitangaza walichokiona katika melanoma yenyewe. Panya jike waliokuwa wamezaa mara kadhaa hawakushikwa na uvimbe kwa urahisi kama wale ambao hawakuwahi kuzaa. Kipokezi cha GPER kilipoamshwa kwa dawa maalumu, seli za saratani zilitengeneza rangi zaidi, zikapunguza kasi ya kuzaana, na zikapunguza pia protini moja iitwayo c-Myc ambayo huzisukuma saratani nyingi. Unaweza kusema seli zilirudishwa kwenye kazi yao. Seli ya rangi inayotengeneza rangi ni kama kijana aliyeajiriwa, hana nafasi ya kuzurura na kufanya fujo.

Halafu wakaongeza dawa ya kinga, ile inayoziondolea askari wa mwili pingu ili waishambulie saratani. Kila dawa peke yake ilisaidia kiasi. Zilipotumiwa pamoja, panya waliishi muda mrefu zaidi, na katika majaribio mengine hadi nusu yao walimaliza uvimbe wote. Waliopona walipodungwa tena seli za saratani, miili yao ilizikumbuka na kuzikataa.

Kwa hivyo homoni ile ile iliyoogopwa tangu 1951 ilionekana, kupitia kipokezi hiki, ikiizuia saratani. Neno moja lisemwe hapa kwa sauti: hao ni panya. Dawa nyingi zimewaponya panya zikashindwa kwa binadamu. Dawa moja ya kukiamsha kipokezi hicho, iitwayo LNS8801, imeshaingizwa katika majaribio ya watu wenye saratani zilizoenea, ikiwa peke yake au pamoja na dawa ya kinga. Bado si dawa ya kuandikiwa na daktari ukaitafute katika duka la dawa.

NA BABA JE?

Baba asifungue ukurasa wa michezo sasa, maana sehemu hii inamhusu. Imejulikana kwa muda mrefu kwamba mwanamume akipata melanoma, uwezekano wake wa kufa ni mkubwa kuliko wa mwanamke. Wengi walisema sababu ni uzembe: mwanamume haendi hospitali mpaka abebwe. Kuna ukweli hapo, na wake wengi watatikisa kichwa kukubali. Lakini hesabu za wagonjwa wa Ulaya, zilizotolewa 2012, zilionyesha kwamba hata ugonjwa ukiwa wa kiwango kimoja, wanawake walikuwa na nafuu ya karibu asilimia 30. Uzembe peke yake hauwezi kueleza hayo.

Macho yakaelekezwa kwenye testosteroni, homoni ya kiume. Mwaka wa 2021 maabara ile ile ya Pennsylvania ilieleza kwamba testosteroni huisukuma melanoma ikue kupitia protini iitwayo ZIP9, ambayo huingiza madini ya zinki ndani ya seli. Mwaka uliofuata, watafiti wa kituo cha saratani cha MD Anderson mjini Houston, Texas, walitoa habari za wagonjwa waliopewa vidonge vinavyolenga hitilafu ya jeni moja, BRAF, inayopatikana katika karibu nusu ya melanoma za ngozi ya wazungu. Wanawake waliitikia dawa vizuri kuliko wanaume. Walipoliiga jambo hilo katika panya, walikuta kwamba kuongeza testosteroni kuliharibu matibabu, kwa madume na hata kwa majike. Na kukifunga kipokezi cha homoni ya kiume, kwa aina ya dawa iliyozoeleka kutibu saratani ya tezi kibofu, kuliyafanya matibabu yafanye kazi vizuri zaidi.

Utaona kwamba watafiti hawa hawakubaliani ni mlango gani hasa testosteroni inaupitia. Wengine ZIP9, wengine kipokezi chenyewe cha homoni ya kiume. Huenda ni yote mawili. Lakini kuna funzo kwa wale vijana wanaojidunga homoni za kiume ili wawe na misuli kama ya wacheza sinema: homoni haichagui kwenda kwenye misuli peke yake. Huenda popote penye kipokezi.

HOMONI YA JUA

Kuna homoni ya tatu ambayo haihusu uke wala uume, na ndiyo inayotuhusu sana sisi tunaoishi karibu na ikweta. Inaitwa MSH, na kazi yake ni kuziamuru seli za rangi zifanye kazi. Jua likipiga ngozi na kuumiza seli za juu, hizo seli zilizoumia hutoa MSH. Seli za rangi zina kipokezi chake, MC1R. Homoni ikiingia humo, rangi nyeusi hutengenezwa na kugawiwa jirani, ikakaa juu ya kiini cha kila seli kama mwavuli.

Mwaka wa 1995 iligunduliwa kwamba watu wengi wenye nywele nyekundu na ngozi inayoungua upesi, kama walivyo wengi kule Ireland na Scotland, wana kipokezi cha MC1R chenye kasoro. Jua linapiga, homoni inatoka, lakini redio ni mbovu. Watu hao hupata melanoma kwa urahisi zaidi. Kwa Waafrika kipokezi hicho kimehifadhiwa vizuri sana, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu chini ya jua hili aliyekuwa nacho kibovu aliumia.

Na ndugu zetu wenye ualbino? Kwao tatizo si sikio. Kipokezi husikia vizuri, lakini karakana ya kutengeneza rangi haifanyi kazi. Katika ualbino ulio wa kawaida zaidi barani Afrika, hitilafu iko katika jeni iitwayo OCA2. Amri inafika, na hakuna cha kutoa. Ndiyo maana saratani ya ngozi huwaanza wakiwa vijana, kwenye uso, midomo, masikio na shingo, ingawa mara nyingi si melanoma bali ile aina ya seli za juu za ngozi. Mafuta ya kuzuia jua kwao ni dawa, wala si urembo. Huko Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC ilianzisha karakana ya kutengeneza mafuta maalumu kwa ajili yao, yanayoitwa Kilisun, na hapa Kenya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limeendesha mpango wa kuwagawia mafuta kama hayo bila malipo.

Kando ya hayo, inasikitisha kuona wenye rangi kamili wakinunua krimu za kuiondoa. Nyingi za krimu hizo za vichochoroni zina dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo nazo hupitia kipokezi cha homoni ndani ya ngozi na kuifanya iwe nyembamba. Mtu anauvunja mwavuli wake kwa pesa zake mwenyewe.

KIDOLE CHA BOB MARLEY

Rangi nyeusi hutukinga na jua, lakini melanoma yetu kwa kawaida haiji kwa jua. Bob Marley, mwanamuziki wa Jamaika, alikuwa na doa chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Kwanza lilidhaniwa kuwa jeraha la kandanda, mchezo alioupenda. Mwaka wa 1977 madaktari waligundua kwamba ni melanoma. Alikataa kukatwa kidole, akafanyiwa upasuaji mdogo. Ugonjwa ulisambaa, na tarehe 11 Mei, 1981, alifariki mjini Miami akiwa na umri wa miaka 36.

Kwa mtu mweusi, hapo ndipo melanoma hupenda kujificha: kwenye wayo, chini ya ukucha, mara chache kwenye kiganja. Lazima niseme pia kwamba tafiti nilizozitaja, kwa sehemu kubwa, zimefanywa juu ya melanoma ya ngozi nyeupe. Hii ya wayoni ni tofauti kwa asili, hata hitilafu ya BRAF huonekana kidogo zaidi ndani yake, na vipokezi vyake havijachunguzwa kwa kiasi hicho. Wenye pesa za utafiti wana ngozi zao na sisi tuna zetu.

Sasa turudi kwa yule mama mwenye mimba. Mstari wa tumboni, weusi wa chuchu na madoa ya mashavuni ni vya kawaida. Doa la zamani lililo tumboni au kwenye titi linaweza kupanuka kidogo kwa sababu ngozi inavutwa. Lakini doa la wayoni halivutwi na mimba. Likitokea jipya, likabadilika umbo, likawa na kingo zisizo sawa, likachanganya rangi, likavimba au kutoa damu, jibu la "ni mimba tu" halitoshi. Wengine huchelewa kwa kudhani ni funza, mwiba uliovunjikia ndani au sugu ya viatu. Funza hutoka, na mwiba hutoka. Kidonda cha wayoni kisichopona kwa wiki kadhaa kinahitaji daktari, hata kama hakina weusi wowote, maana zipo melanoma zisizo na rangi.

Kuhusu kucha, usihofu bure. Watu weusi wengi wana mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa, na ni ya kawaida. Wa kutiliwa shaka ni mstari ulio kwenye ukucha mmoja tu, unaopanuka, au ambao weusi wake umemwagika hadi kwenye ngozi inayozunguka ukucha.

Je, vidonge vya kupanga uzazi? Tafiti kubwa hazijaonyesha wazi kwamba husababisha melanoma. Usiviache ghafla kwa sababu ya uvumi, ukaishia kwenye mimba usiyoipangia. Aliyewahi kuugua melanoma azungumze na daktari wake kabla ya kuchagua njia ya uzazi au kushika mimba, kwani ushauri hutegemea ugonjwa ulikuwa umefika wapi. Na wala usinunue estrojeni ukidhani utajikinga. Estrojeni ile ile ikikuta kipokezi cha alfa katika titi itafanya kazi nyingine kabisa.

Mimba haizuii uchunguzi. Daktari wa ngozi hudunga ganzi pale pale penye doa, akalikata na kulipeleka maabara, na mtoto tumboni haathiriki. Kungoja ndiko kwenye hatari zaidi, kwani melanoma iliyosambaa ni miongoni mwa saratani chache zinazoweza kufika kwenye kondo la nyuma, ingawa hilo ni nadra sana. Majibu yakitoka, uliza jambo moja kabla ya mengine yote: uvimbe una unene wa milimita ngapi? Usiozidi milimita 1 kwa kawaida huondolewa kwa upasuaji na mgonjwa akaendelea na maisha yake. Kadiri unavyozidi hapo, ndivyo daktari atakavyotaka kuzichunguza pia tezi za kinenani au za kwapani. Omba nakala ya karatasi hiyo uiweke pamoja na kadi ya kliniki, kwa sababu kila daktari atakayekuona baadaye ataihitaji.